Usifanye mbayuwayu betri

Ndugu zangu, kuna Kiswahili cha Unguja, kuna cha Mombasa, kuna cha Lubumbashi, na sisi wa Babati tunacho chetu, kilichokaa na Kiiraqw, Kigorowa na Kirangi mpaka wageni kutoka Dar wanatutania. Sasa imeingia lahaja nyingine. Haina kijiji, haina wazee, haina mtu hata mmoja anayeizungumza. Inaishi kwenye maboksi. Mimi naiita Kiswahili cha boksi, na leo nataka tukijadili kidogo maana naona tunakichekea tu.

Mfano wangu ni boksi la gari la kuunganisha. Kwa wadau ambao hawajawahi kuliona: ni mfano wa gari halisi, uliopunguzwa, unaouzwa ukiwa vipande. Ukifungua unakuta fremu za plastiki zenye vipuri vilivyoshikana nazo kama majani kwenye tawi, kila kimoja na namba yake. Unakikata, unakipiga msasa, unakibandika kwa gundi, unapaka rangi, unamalizia na nembo. Huko Ulaya na Japani wanaofanya haya ni watu wazima wenye familia zao, jioni baada ya kazi, na hakuna anayewaambia wanacheza. Hili la kwangu nililinunua mjini hapa, katika duka ambalo sitalitaja kwa sababu muuzaji ni mama mwema na kosa si lake. Mtengenezaji simtaji pia. Hata boksi lenyewe halimtaji.

Tuanze na picha ya juu. Jipu la safari liko mbugani, mgunga nyuma, jua linazama, na chini ya mgunga amejilaza chui milia. Chui milia! Mnyama wa Asia huyo. Tembea kutoka Tarangire mpaka Cape Town humpati porini hata mmoja. Halafu picha ya jipu imegeuzwa, sijui ili lionekane linakimbilia upande wa kulia wa boksi, kwa hiyo namba zake zinasomeka kinyumenyume kama unaziangalia kwenye kioo. Nje wameandika vipande 86. Kwenye orodha ya ndani viko 84. Kwenye mfuko nilihesabu 85. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anazijua hesabu za namna hii.

Lakini lililonifurahisha zaidi ni skeli. Magari ya aina hii mengi yanatengenezwa kwa 1:24, yaani gari halisi limepunguzwa mara 24. Jipu la mita 4.8 linakuwa sentimita 20, unaliweka juu ya kabati la vyombo na wageni wanalisifia. Boksi hili limeandikwa 24:1. Geuza hesabu basi: mita 4.8 mara 24 ni mita 115 na kidogo. Uwanja wa mpira wa kawaida una mita 105. Kwa hiyo likiegeshwa pale Tanzanite Kwaraa, bampa la nyuma liko kwenye goli moja na boneti imeshatoboa nyavu za goli la pili.

Sawa, tumecheka. Sasa karatasi ya maelekezo. Ina lugha nyingi, na nilipoona chini kabisa pameandikwa KISWAHILI nilisikia raha, nisiwafiche. Maana yake kuna mtu mahali fulani, kiwandani, alikaa akafikiri kwamba kuna wanunuzi wanaosoma lugha hii na ni wengi kiasi cha kuwatengea robo ukurasa. Miaka ya nyuma hatukuwa tunahesabiwa hata hivyo. Halafu nikaanza kusoma.

Hatua ya kwanza inasema hivi: “Omba saruji kwa mwili.” Nikasoma tena. Omba saruji kwa mwili. Hatua ya pili natakiwa kuingiza chemchemi nne chini ya mwili. Hatua ya tatu nifunge gurudumu la haki, kisha gurudumu lililobaki, nikaze karanga. Hatua ya tano nifungue mkonga. Hatua ya sita nibandike pembe mbili mbele. Kitu chenye mwili, mkonga na pembe mbili mbele, ndugu zangu, sisi tunaoishi jirani na Tarangire tunakijua. Hicho si gari. Hicho kikikukuta shambani unakimbia.

Imo pia kofia, ambayo ni boneti. Imo ngao ya upepo, ambayo ni kioo cha mbele, na hii naikubali, ina ushairi. Imo “bomba la uchovu.”

Yametokeaje haya? Watu wengi wanasema mashine ya kutafsiri ni mjinga. Mimi sikubaliani sana. Google ilikiingiza Kiswahili kwenye huduma yake ya kutafsiri mwaka 2009, na tangu hapo mashine hizi zimepiga hatua kubwa. Ukiipa sentensi kamili leo, mara nyingi inakurudishia kitu kinachoeleweka. Ugonjwa wa orodha ya vipuri ni kwamba haina sentensi. Ni neno moja limekaa peke yake kwenye kisanduku, na mashine inakisia. Neno ambalo Waingereza wanaliita springi ndilo hilo hilo wanaloita chemchemi ya maji, na ndilo wanaloita majira ya maua huko kwao. Neno lao la kulia ndilo la haki. La kushoto ndilo la kitu kilichobaki. Nati na karanga neno moja, honi na pembe neno moja, buti la gari na mkonga wa tembo kwa Wamarekani neno moja. Na gundi ya plastiki, kwenye fani hii ya magari madogo, wamezoea kuiita kwa neno lile lile la saruji. Hata kubandika na kuomba kazi, neno moja. Mashine ilirusha shilingi mara kumi na tano, na mara kumi na tano ikaanguka upande mbaya.

Hapo alihitajika mtu mmoja tu wa kusoma baada ya mashine, na si profesa. Nililichukua boksi nikalipeleka kwa fundi mmoja wa magari hapa Nangara, gereji yake ni ya chini ya mti, ana pipa lililokatwa nusu analitumia kama meza.

“Shikamoo fundi.”

“Marahaba, mwandishi. Leo umeleta gari gani?”

Nikaliweka boksi juu ya pipa. Akacheka, akafuta mikono. Nikamwambia sitamwonyesha picha, nitamsomea Kiswahili tu, yeye aniambie ni kitu gani. Nikaanza na chemchemi nne chini ya mwili.

“Chini ya bodi? Nne? Hizo springi bwana.”

Karanga?

“Za kufunga tairi? Nati.”

Mkonga ukamsumbua kidogo, akauliza uko mbele au nyuma. Nyuma, unafunguka. “Buti.” Kofia, “boneti.” Saruji akaikataa katakata: “Plastiki unaibandika na saruji? Hiyo ni gundi, wamekosea.” Bomba la uchovu nalo halikumshinda. “Eksozi hiyo. Ila hapo hawajakosea sana,” akaniambia akionyesha Noah iliyoinuliwa kwa jeki, “la ile pale limechoka kweli.”

Yaani alipata yote. Hakuwa na picha, na Kiingereza chake ni kile cha kwenye spea. Alipata kwa sababu gari analijua. Ukimwambia kitu kiko chini ya bodi na viko vinne, hata ukikiita mchicha atajua ni nini. Nataka mlishike hili, maana ndipo ilipo hoja yangu yote.

Kwa sababu mwisho wa karatasi, ndani ya kisanduku chenye alama ya pembetatu, kuna maandishi makubwa: USIFANYE MBAYUWAYU BETRI. Nikamsomea.

Akanyamaza. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

“Mbayuwayu si yule ndege?”

“Ndiye.”

“Basi hiyo sijui. Labda wanakataza usiirushe.”

Kwa Kiingereza, jina la mbayuwayu na kitendo cha kumeza ni neno moja. Karatasi ilikuwa inasema usimeze betri. Gari hili lina taa za mbele zinazowaka, na taa zinatumia betri mbili za kitufe, zile bapa, ndogo, zinazong’aa kama shilingi mpya. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiiona hakuna kitakachomzuia kuiweka mdomoni. Na betri ya kitufe si kama kumeza mbegu ya chungwa. Ikikwama kwenye koo la chakula inaanza kupitisha umeme kwenye unyevunyevu wa mwili, inatengeneza kemikali kali pale ilipogusa, na inaweza kuchoma nyama ya koo vibaya ndani ya saa 2. Saa mbili! Kutoka baadhi ya vijiji vyetu mpaka hospitali yenye eksirei, saa mbili zimeishia kwenye kusubiri bodaboda. Mzazi anaweza kudhani ni mafua, maana dalili za mwanzo ni mate mengi, kukohoa, kukataa kula.

Kwa hiyo kwenye karatasi nzima, makosa yote ya vipuri fundi aliyarekebisha kwa kichwa chake. Lile moja lenye uhai wa mtu ndani yake halikurekebishika. Na halikuwa bahati mbaya. Kipuri unakishika mkononi. Jina likikosewa, kitu chenyewe kinakurekebisha. Onyo linazungumzia jambo ambalo halijatokea, huwezi kulishika ukaligeuzageuza. Onyo lina maneno tu, na maneno yakiharibika hakuna kitu kingine cha kukuokoa.

Tena hapo juu yake kuna mstari mwingine unaosema gari ni “kwa watoto chini ya miaka 3.” Kiingereza chake kinasema haliwafai watoto wa chini ya miaka 3. Neno la kukataa limedondoka njiani. Pembeni kuna ile alama ya duara jekundu yenye uso wa mtoto na 0-3 iliyopigwa mstari, kwa hiyo alama inasema hapana na Kiswahili kinasema karibu. Mnunuzi afuate kipi?

Kuna rafiki yangu, tulisoma naye chuo, nilipomweleza haya akanijibu kwamba afadhali Kiswahili kibovu kuliko kutokuwepo kabisa. Ni hoja ambayo nimeitafakari, maana hata mimi nilifurahi kukiona. Kwa chemchemi na mkonga nakubaliana naye. Kosa lile halimdhuru mtu, linatuchekesha, na mwakani labda watalisahihisha. Kwa onyo sikubaliani naye hata kidogo. Onyo likiwa kwa Kichina peke yake, mama anajua kwamba hajui. Atamwuliza mtu, au ataogopa tu na kuweka boksi juu ya kabati. Onyo likiwa kwa Kiswahili anaamini ameambiwa. Atasoma habari ya mbayuwayu, atacheka kama tulivyocheka sisi, ataendelea.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba watu wa fani hii si wazembe hata kidogo. Ni watu wa kuhesabu nati. Kampuni ya Airfix ya Uingereza iliingia kwenye mifano ya magari mwaka 1949 kwa trekta, trekta la Ferguson, lililotengenezwa kwa ajili ya mawakala waliokuwa wanauza matrekta yenyewe. Baadaye ndipo likaanza kuuzwa madukani likiwa vipande. Ferguson hilo! Wakulima wa huku wanalijua jina hilo kuliko wanavyolijua la mbunge wao. Na mbio za East African Safari, zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, mpaka leo zinaishi kwenye meza za watu huko Japani. Hasegawa wanayo Datsun 240Z iliyoshinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, nyekundu yenye boneti nyeusi, taa zake za ziada, nembo zake zote mahali pake. Kuna wazee huko wanaweza kugombana usiku kucha kama rangi ile ilikuwa nyekundu hii au nyekundu ile. Na wakubwa hao wenye jina wanachora hatua zote kwa picha safi, mshale kwa mshale, kiasi kwamba maneno yanahitajika machache sana.

Boksi langu si la wakubwa hao, ni la kuiga. Lakini hata mwigaji amekopi kila kipuri kwa uangalifu. Springi zimekaa sawa, difu imo, mpaka spea tairi ina vijino vyake. Alipofika kwenye lugha ya watu watakaolinunua ndipo mkono ukachoka. Bomba la uchovu kweli.

Halafu kuna watu wataniambia tatizo ni Kiswahili chenyewe, kwamba hakina maneno ya kiufundi. Nawajua, wengine wamo humu humu wanasoma. Naomba wapite gereji yoyote. Springi, nati, bolti, boneti, buti, bampa, eksozi, honi, difu, klachi, rimu, indiketa, bisibisi, spana. Maneno haya hayakusubiri kamati. Mengi yalitoka kwenye karakana za Waingereza, yakavuliwa viatu mlangoni, yakaingia ndani yakawa ya kwetu. Neno gari lenyewe lilitoka India. Lugha ilishafanya kazi yake miaka mingi iliyopita, chini ya miti kama ule wa fundi wangu. Kinachokosekana ni mtu wa kwenda kuyaokota.

Na wapo waliowahi kuokota. Mwaka 2004 ilitoka Jambo OpenOffice, programu za ofisi za kompyuta kwa Kiswahili, kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watu walikaa wakabishana neno kwa neno. Kuna maneno yao hayakupata wafuasi, ndiyo, na wasomi wetu walicheka sana wakarudi kwenye Kiingereza. Lakini hakuna aliyeambiwa aombe saruji. Tofauti kati ya neno usilolipenda na neno lisilo na maana ni kubwa mno, na sisi tuliosoma tunapenda kuzichanganya.

Hapo hapo niseme na hili, mnisamehe. Tunapoona kibao cha saluni mtaani kimekosewa Kiingereza, tunapiga picha, tunarushiana, tunamcheka mwenye saluni kama mtu ambaye hakwenda shule. Kiwanda kizima kikikosea Kiswahili, tunaona kama kitu cha kupendeza, mtoto wa mgeni anayejaribu kusema “hujambo.” Mwenye saluni hana hela ya kumlipa mhariri. Kiwanda kinayo.

Msidhani nazungumzia vitu vya kuchezea tu. Babati ni mji wa mahindi na mbaazi, na mbaazi ina wadudu, na wadudu wana dawa. Ingia duka lolote la pembejeo uangalie chupa. Ukanda wa chini wa lebo una rangi: nyekundu ni sumu kali kabisa, kisha njano, kisha bluu, kijani ndiyo yenye hatari ndogo zaidi. Ni mpango mzuri, umefikiriwa kwa ajili ya mtu asiyesoma. Lakini rangi haikuambii usubiri siku ngapi kabla ya kuvuna, wala uvae nini, wala ufanye nini ikikumwagikia machoni. Hayo yako kwenye maneno. Na maneno ya dawa yana mitego ambayo hata mashine haihusiki nayo, tunaitega wenyewe. Chukua “tumia mara moja.” Ni utumie sasa hivi, au utumie mara moja tu usirudie? Kwa Kiswahili chetu ni yote mawili. Aliyepiga dawa Jumatatu akarudia Alhamisi anaweza kuwa amesoma vizuri kabisa, kwa maana ya kwanza. Mwandishi makini angeandika “tumia mara moja tu, usirudie.” Amepoteza wino wa maneno mawili.

Nililipeleka jambo hili kwa mhariri wangu. Alicheka kwenye mkonga, akacheka kwenye bomba, akaniambia niandike aya nne za ukurasa wa burudani. Nilipomfikisha kwenye betri akasema hakuna habari hapo kwa sababu hakuna aliyekufa. Gazeti simtaji, mnisitiri. Ila niliwaza: tukisubiri mpaka aya ya kwanza ianze na jina la mtoto, tutakuwa tumeandika habari au tumechelewa?

Nilirudi pia dukani. Yule mama alikuwa ameleta maboksi matatu kutoka Kariakoo. Moja ninalo mimi. Moja lilikuwa bado kwenye rafu, nikamwomba nibandike karatasi niliyoiandika kwa mkono, akaniruhusu, akanipa na gundi. La tatu lilishanunuliwa kwa ajili ya zawadi ya siku ya kuzaliwa ya mtoto. Hakumbuki mnunuzi alikuwa nani. “Baba mmoja hivi,” alisema, “alikuwa na haraka.”

Ninachotaka mimi ni kidogo na kina bei ndogo. Shirika la Viwango Tanzania lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1975. Baraza la Kiswahili la Taifa ni la mwaka 1967, na kuthibitisha tafsiri ni sehemu ya kazi zake. Ni watu wazima hawa, wana umri wa kutosha kufahamiana. Waandae ukurasa mmoja wa maonyo ya kawaida, yale yanayojirudia kwenye kila boksi, kila chupa na kila kifaa cha umeme: usimeze, weka mbali na watoto, weka mbali na moto, haiwafai walio chini ya umri huu, nawa mikono, ikiingia machoni fanya hivi. Hayafiki 40. Waingizaji bidhaa wapewe bure, na anayetaka kuandika onyo kwa Kiswahili alinakili kutoka pale neno kwa neno. Majina ya vipuri waachiwe na mashine yao, wakitaka kutuuzia mkonga watuuzie mkonga, tutacheka na kufunga nati. Kisanduku chenye pembetatu wasikiguse.

Karatasi niliyoibandika dukani ina maneno tisa. Usimeze betri. Mtoto akiimeza, mpeleke hospitali sasa hivi, usimtapishe. Nilimsomea fundi kabla ya kuipeleka, maana huo ndio uhariri ninaouamini siku hizi. Akasema imekaa sawa, isipokuwa herufi ni ndogo, niandike kubwa zaidi. Kisha akaniuliza lile jipu nitalimaliza lini. Nimemwambia bado naomba saruji.